Amepona, Ameokoka: Kuusoma Uponyaji wa Injili kutoka Durban

Katikati ya jiji la Durban ipo bustani ya umma yenye jina la Gugu Dlamini. Mwanamke huyo aliishi KwaMashu, kitongoji kilicho kaskazini ya jiji. Mwaka 1998, katika Siku ya Ukimwi Duniani, alitamka redioni, kwa Kizulu, kwamba anaishi na virusi vya Ukimwi. Kabla ya Desemba hiyo kwisha alivamiwa na watu wa mtaa wake ambao, kama ilivyoripotiwa, walimshutumu kwamba amewatia aibu. Alipigwa, akafa kutokana na majeraha. Miezi 19 baadaye, Julai 2000, jiji hilohilo lilipokea Mkutano wa 13 wa Kimataifa kuhusu Ukimwi, na kaulimbiu yake ilikuwa wito wa kuvunja ukimya. Gugu Dlamini alikuwa ameuvunja tayari.

Msomaji anayetoka kwenye bustani hiyo na kuifungua Injili ya Marko, sura ya 5, atakutana na mwanamke mwingine katikati ya umati mwingine. Huyu ametokwa na damu kwa miaka 12, amewamalizia matabibu mali yake yote, na hali yake imezidi kuwa mbaya. Anapenya kwa siri, anagusa vazi la Yesu kwa nyuma, na damu inakatika. Kisa kingeweza kuishia hapo. Lakini Yesu anasimama na kuuliza ni nani aliyemgusa, na mwanamke, akiogopa na kutetemeka, anajitokeza na kueleza ukweli wote mbele ya watu. Anaitwa binti, kisha anaambiwa aende zake kwa amani.

Wanawake wawili walisema ukweli wa miili yao hadharani. Mmoja alipewa jina la ukoo, mwingine aliuawa. Makala hii inaichunguza tofauti hiyo kwa njia ya lugha. Inadai kwamba Maandiko ya Kikristo, yakisomwa kwa makini hadi kwenye kitenzi, hayauhesabu uponyaji kuwa umetimia pale mwili unapoacha kuuma. Yanauhesabu kuwa umetimia pale mgonjwa anapopokewa tena na watu wake. Dai hilo linauhamisha mzigo wa imani kutoka mabegani mwa mgonjwa peke yake na kuuweka pia juu ya umati unaomzunguka, na wasomaji wa Durban na maeneo jirani wamekuwa na sababu nzito za kulipima.

Vitenzi vya Marko na vitenzi vya Kiswahili

Katika Kigiriki cha Marko, kisa cha mwanamke huyu kinaendeshwa na vitenzi viwili tofauti. Mwanamke anapojiambia moyoni kwamba akigusa tu vazi atapata nafuu, kitenzi chake ni sozo, ambacho ni kuokoa, kunusuru, kumtoa mtu hatarini. Damu inapokatika, Marko anabadilisha neno. Anatumia iaomai, kitenzi cha tiba, na anasema kwamba mwanamke alilijua jambo hilo mwilini mwake. Ni baada ya mwanamke kujitokeza na kusema ndipo kitenzi cha kwanza kinaporudi, safari hii kikitoka kinywani mwa Yesu. Mwanamke alitamani kuokolewa, akatibiwa, kisha, alipokwisha kusema na kuitwa binti, akatangazwa kuwa ameokolewa. Kati ya tiba na wokovu Marko ameweka mazungumzo ya hadharani na jina la ujamaa.

Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotolewa mwaka 1952 na inayosomwa hadi leo katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, inatumia kitenzi kimoja katika hatua zote tatu. Mwanamke anatumaini kupona, anahisi amepona, anaambiwa kwamba imani yake imemponya. Ngazi ya Marko imesawazishwa. Msomaji wa Kiswahili anaona tukio moja lililotokea mara moja, damu ilipokauka, na mazungumzo yanayofuata yanaonekana kuwa nyongeza ya adabu. Kinyume chake, katika Luka sura ya 7, mwanamke mwenye dhambi anayeilowesha miguu ya Yesu kwa machozi anaambiwa maneno yaleyale ya Kigiriki, neno kwa neno, lakini Kiswahili kinasema imani yake imemwokoa. Mwenye ugonjwa ameponywa, mwenye dhambi ameokolewa. Watafsiri walifanya uamuzi wa kifasihi unaoeleweka, maana kila kisa kilipewa neno linalokifaa. Lakini uamuzi huo ulichora mpaka ambao Kigiriki hakikuuchora.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu watafsiri, lakini lugha yenyewe haikuwa imetenganisha mambo hayo kwa ukali. Katika Kiswahili cha kila siku kupona hakukomei hospitalini. Mtu hupona ajali, huponea chupuchupu, na jambo lililomnusuru huitwa ponapona yake. Kitenzi hiki kinabeba hatari na kunusurika kwa kiwango kilekile ambacho kinabeba homa na nafuu, na kwa hiyo kiko karibu sana na sozo. Kilichoubana uwanja wake ni historia ya kanisa zaidi ya sarufi. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na baadaye, ulilifanya neno kuokoka kuwa jina la badiliko la ndani. Kwa Kiganda waliobadilika waliitwa balokole, yaani waliookolewa, na Kiswahili kikawapokea kwa jina la walokole. Tangu hapo, anayeulizwa kama ameokoka haulizwi habari za mwili wake, wala hakuna asemaye kwamba jirani ameokoka malaria. Kuokoka kulikwenda madhabahuni, kupona kukabaki wodini.

Kizulu, lugha ya Gugu Dlamini, kilichukua njia nyingine. Kitenzi ukusinda humaanisha kupona ugonjwa na pia kunusurika, na kutoka humo Wakristo wa Kizulu wamepata uMsindisi, yaani Mwokozi. Kwa mzungumzaji wa Durban, Mwokozi na nafuu ya mgonjwa vimo ndani ya shina moja la neno. Vivyo hivyo impilo ni uhai na ni afya. Kiswahili kinalo neno linalolingana nalo, uzima, linalotumika kwa uzima wa milele na kwa mtu anayejibu salamu kwamba yeye ni mzima. Marko naye anafunga kisa chake kwa kumtaka mwanamke awe mzima.

Wodi na mlima

Historia ya Durban yenyewe inaonyesha mgawanyo huu na upinzani dhidi yake. Mwaka 1909 daktari mmisionari Mmarekani, James McCord, alifungua jijini hospitali kwa ajili ya Waafrika, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina lake. Mwaka uliofuata Isaiah Shembe alianzisha Ibandla lamaNazaretha, kanisa ambalo makao yake yalikuja kuwa Ekuphakameni, pahali palipoinuka, katika eneo la Inanda nje kidogo ya jiji. Shembe alijulikana kwanza kama mponyaji. Lakini sifa hiyo haielezi kikamilifu kwa nini watu walibaki Ekuphakameni baada ya maumivu yao kutulia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imewafungia Waafrika sehemu kubwa ya nchi yao. Wajane, yatima na watu waliopoteza makazi walipata kwa Shembe ardhi ya kukaa, mavazi meupe ya ibada, na watu wa kuwaita ndugu. Uponyaji ulikuwa mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na nyumba. Mtu anaweza kuyapinga mafundisho ya Shembe, na wengi wameyapinga, lakini kwa kipimo cha Marko jambo moja lilieleweka vizuri pale Inanda: aliyetibiwa na kuachwa njiani hajaokolewa bado.

Njeo ya kupona

Tatizo la pili liko katika kiambishi kidogo. Kiswahili kinasema imani imemponya, na -me- ni hali timilifu: tendo limekwisha na matokeo yake yapo. Kigiriki nacho kinatumia hali timilifu hapo, kwa hiyo tafsiri ni sahihi. Hatari inakuja pale mhubiri anapokihamisha kiambishi hicho kutoka kwenye masimulizi na kukiweka juu ya mtu aliyesimama mbele yake, akimwambia kwamba amepona. Mtu anayemeza kila siku dawa za kufubaza virusi hana njeo hiyo. Virusi vyake vimedhibitiwa na vitaendelea kudhibitiwa mradi aendelee kumeza. Anayemwambia kwamba amepona anamtaka achague kati ya sarufi ya madhabahu na vidonge vyake, na akiviacha vidonge ili kuthibitisha imani, virusi hurudi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda Durban kuliona hili. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walielekea Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe kilichotolewa na Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyesema ameoteshwa na Mungu. Kikombe kiligharimu shilingi 500, kilinyweka mara moja tu, na ilisemekana kwamba kinaponya magonjwa sugu, Ukimwi ukiwamo. Foleni za magari zilienda kilomita nyingi. Wapo wagonjwa waliotoka wodini kwenda huko, na wapo waliokufa kabla ya kufika. Ni rahisi kuuona msafara ule kama ujinga, na wengi waliuona hivyo. Msomaji wa Marko anaweza kuona jambo jingine pia. Kikombe kile kilikuwa dawa ya mti na papo hapo chombo chenye kumbukumbu ya meza ya Bwana, kikitoka mkononi mwa mchungaji. Kiliunganisha tena, kwa mara moja na kwa bei ya chini, kile ambacho hospitali na kanisa vilikuwa vimekigawana. Hamu ya muungano huo ilikuwa halali. Kilichokosekana ni uthibitisho.

Na uthibitisho ni jambo ambalo Maandiko yenyewe yanalidai. Katika Marko sura ya 1, mwenye ukoma anapotakaswa, Yesu hamtumi sokoni kushuhudia. Anamwagiza anyamaze, aende akajionyeshe kwa kuhani na kutoa sadaka iliyoamriwa. Katika Luka sura ya 17 watu kumi wanatumwa kwa makuhani kwa namna hiyohiyo. Nyuma ya agizo hilo kuna sura ya 14 ya Mambo ya Walawi, inayoeleza utaratibu mrefu: kuhani anatoka nje ya kambi na kumkagua mtu, mtu anafua nguo na kunyoa, anangoja siku saba nje ya hema yake, na siku ya nane anatoa sadaka. Mamlaka ya kusema kwamba mtu ametakasika iko mikononi mwa mtu mwingine asiyekuwa mponyaji. Yesu wa Marko hajiandikii cheti. Mhubiri anayemtangaza mgonjwa kuwa mzima na kumkataza kurudi kliniki kupimwa anadai uwezo ambao Yesu, katika sura ya kwanza kabisa ya Injili ya kwanza kuandikwa, aliuacha kwa kuhani.

Ayubu na wale wasiopona

Kipimo kikubwa cha fundisho lolote la uponyaji ni wale wasiopona. Pietermaritzburg, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Durban, iko taasisi ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal inayoitwa Ujamaa Centre. Jina lake limetoka Tanzania ya Julius Nyerere, nalo limepata kazi mpya kusini. Humo wataalamu wa Biblia husoma Maandiko pamoja na makundi ya watu wa kawaida. Gerald West na Bongi Zengele walichapisha mwaka 2004 makala kuhusu usomaji wa Kitabu cha Ayubu uliofanywa pamoja na kikundi cha watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, katika mtandao unaoitwa Siyaphila. Neno hilo ni jibu la salamu katika Kizulu, sawa na kusema sisi ni wazima, na ni tangazo pia: tunaishi.

Katika mazishi mengi, Ayubu anayesomwa ni wa sura ya 1, yule anayekubali kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa, na anayelibariki jina lake. Kwa mtu anayejua kwamba kesho mazishi yanaweza kuwa yake, usomaji huo una ukatili wake. Unalifunga jeneza pamoja na maswali. Kikundi kilifungua sura ya 3, ambamo Ayubu huyohuyo anailaani siku ya kuzaliwa kwake na kuuliza kwa nini mwenye uchungu anapewa nuru. Sura mbili tu zinawatenganisha Ayubu hawa, lakini mimbari imezoea kumsoma mmoja na kumficha mwingine. Washiriki walipoona kwamba malalamiko kama yao yamo ndani ya Maandiko, walipata ruhusa ya kuyasema na hata kuyaandika ya kwao.

Usomaji huo unaweza kupelekwa hatua moja zaidi, hadi mwisho wa kitabu. Wengi hukumbuka kwamba Ayubu aliponywa. Ukweli ni kwamba sura ya 42 haiyataji majipu hata mara moja. Inasema hali yake iligeuzwa, mali yake ikaongezwa maradufu, akaishi miaka mingine 140. Habari za ngozi yake msomaji anazijaza mwenyewe. Linalotajwa kwa uwazi ni kwamba ndugu zake wote, wa kiume na wa kike, na wote waliomjua hapo kwanza, walikuja nyumbani kwake, wakala chakula pamoja naye na kumfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Ukiuweka mwisho huu kando ya sura ya 19, ambamo Ayubu analalamika kwamba ndugu wamejitenga naye, jamaa wamemsahau na pumzi yake imekuwa chukizo kwa mkewe, kinachorejeshwa kinaonekana waziwazi. Mshairi wa Ayubu ameeleza ugonjwa kama kukimbiwa na watu. Aliyekiandika kitimbi cha mwisho ameeleza nafuu kama watu kurudi mezani.

Marafiki watatu nao wanapata hukumu yao. Walianza vizuri, wakikaa naye kimya siku saba. Walipofungua vinywa walitafuta dhambi iliyouleta ugonjwa, na Ayubu akawaita matabibu wasio na faida. Mwishoni Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa kumhusu, kama Ayubu alivyonena. Aliyelalamika ndiye aliyesema kweli, na waliomtetea Mungu kwa kumhukumu mgonjwa ndio wanaohitaji kuombewa.

Ushahidi wa upande wa pili

Haingekuwa haki kuyafanya Maandiko yaseme kwa sauti moja. Katika Yohana sura ya 9 Yesu anakataa kumlaumu kipofu au wazazi wake. Lakini katika sura ya 5 ya Injili hiyohiyo, mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 anaonywa asitende dhambi tena, asije akapatwa na baya zaidi. Wahubiri wanaohusisha ugonjwa na kosa hawajaubuni uhusiano huo kutoka hewani. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, nao unaweka ugonjwa, dhambi na msamaha katika mistari iliyo jirani.

Hata hivyo Yakobo anastahili kusomwa taratibu. Mgonjwa anawaita wazee wa kanisa, na wazee wanakwenda kwake. Wanampaka mafuta, yaani mikono inaugusa mwili ambao wengine wanauepuka. Kisha anasema kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa, na hapa Biblia ya Union, kwa uaminifu wa kupendeza, inalitumia neno kuokoa kwa mtu aliyelala kitandani, ikiuvunja mpaka uliochorwa kati ya Marko na Luka. Imani inayotajwa ni ya wanaoomba. Na maungamo yanayofuata ni ya wao kwa wao, mgonjwa akiwa mmoja miongoni mwa wengi wenye jambo la kukiri. Dhambi imetajwa, lakini imegawanywa kwa wote waliomo chumbani.

Hapo ndipo tofauti kati ya makundi mawili ya mwanzo inapoonekana. Kwa desturi kisa cha Marko kimehubiriwa kama sifa ya ujasiri wa mwanamke, na baada ya mwaka 2000 kilifaa sana kuwahimiza watu wajitangaze. Kifo cha Gugu Dlamini kinauonya usomaji huo. Mwanamke wa Marko hakujitangaza mbele ya umati usio na mwenyewe. Aliyemtaka aseme alisimama karibu naye, na mara tu aliposema alimwita binti, neno ambalo Yesu hamwambii mwanamke mwingine yeyote katika Injili hiyo. Kila aliyetaka kumgusa kwa ubaya angekuwa anamgusa mtoto wa mtu. Ukweli wake ulipewa ukoo kabla umati haujapata nafasi ya kuuhukumu. Kanisa linalowataka wagonjwa wavunje ukimya bila kwanza kuamua litawaita nani limesoma nusu ya kisa.

Na yupo mtu mmoja katika umati ule ambaye wahubiri humpita haraka. Yairo, mkuu wa sinagogi, alikuwa amekuja kumwombea binti yake wa miaka 12, aliyekuwa kufani. Wakati mwanamke anaeleza ukweli wote wa miaka 12 yake, Yairo amesimama akingoja, na kabla maneno hayajaisha watu wanafika kutoka nyumbani kumwambia mtoto amekufa. Marko haandiki kwamba alimkatiza mwanamke, wala kwamba alimlaani kwa kumchelewesha. Mwenye cheo katika mji ule, ambaye sauti yake ingeugeuza umati, alinyamaza akamwacha mgonjwa amalize kusema, huku na yeye ana binti wa kuokolewa. Katika KwaMashu ya Desemba 1998 hakutokea Yairo.